Nyimbo za kwaya za ujanani: ni imani, au ni kumbukumbu tu?

Besi Mstaafu:
Ndugu zangu, nikiwa sekondari niliimba sauti ya nne katika kwaya ya UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo Tanzania), na wakati ule niliamini kwa dhati kwamba sisi vijana tungejenga nchi isiyo na rushwa wala ukabila. Siku hizi kanisani nakwenda kwa nadra, kwa kuwa matangazo ya michango yamekuwa marefu kuliko mahubiri. Hata hivyo, redio ikipiga wimbo wa Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, machozi hunilengalenga na ule moyo wa kupenda haki hurudi wote. Je, hiyo ni imani iliyobaki, au naulilia ujana wangu?

Mwalimu wa Kwaya:
Kaka, wanasaikolojia wamebaini kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, zikiwemo nyimbo. Lakini hilo halimalizi swali lako, kwa sababu wewe hukuusikiliza wimbo tu. Uliufanyia mazoezi jioni baada ya jioni, ukingoja sauti ya tatu ishike pake (ingawa kwa kawaida wanaochelewa ni ninyi wa besi). Kijana aliyezoea kutowafunika wenzake kwa sauti yake amekwisha kuionja haki kabla ya kuisoma katika katiba.

Binti wa Parokia:
Kwa wazazi wangu, Wakatoliki, imani na kumbukumbu hazitengani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, uliporuhusu mwaka 1963 lugha za wenyeji na muziki wao katika ibada, wao walikuwa vijana, na uhuru ulikuwa bado mbichi. Ngoma ilipolia ndani ya kanisa walijiona nao ni wenye nyumba. Baba huisamehe parokia mengi kwa ajili ya ngoma hizo.

Mzee wa Benchi la Nyuma:
Hata wimbo wetu wa taifa ulianza hivyo: Enoch Sontonga aliutunga Afrika Kusini mwaka 1897 kama sala, ukaimbwa makanisani na katika mikutano ya siasa, hata Tanganyika ikauchukua mwaka 1961. Ila mwanangu, nawajua wala rushwa wanaolia vizuri sana kwaya ikiimba. Ikiwa moyo wa haki unakurudia kweli, nenda kwenye mkutano wa usharika ukaulize hiyo michango inatumikaje.