Jezi ya Clemente, namba 21: huyu ni nani?

MitumbaMalindi
Wanajamvi, salaam aleikum. Nauza mitumba sokoni hapa Malindi. Nimefungua robota nikakuta jezi ya besiboli, Pirates kifuani, mgongoni CLEMENTE 21, herufi zimeshonwa kwa uzi mara mbili, si za kubandika kwa pasi. Mgeni mmoja mtu mzima aliishika, akapitisha kidole juu ya ile 21, akaniambia nisiiachie kwa bei ya kutupa. Mchezo wenyewe siujui. Clemente ni nani, na ukubwa wake ni upi?

BahariaWaAmu
Mwanangu, umemuuliza mtu ninayempenda. Nilifanya kazi melini kabla ya kurudi Amu, na mpishi wetu alikuwa wa Puerto Rico. Jikoni mwake hapakuwa na hadithi nyingine.

Roberto Clemente alizaliwa 1934 mjini Carolina, Puerto Rico, baba yake msimamizi wa wakata miwa. Aliichezea Pittsburgh Pirates, timu ya Marekani, tangu 1955 hadi 1972. Alilinda upande wa kulia wa uwanja, na mkono wake ndio uliotisha: mpira umedondoka kule ukutani, anauokota, anageuka, anautupa hadi kituo cha tatu, na mkimbiaji aliyedhani keshafika anakuta umemtangulia. Tuzo ya Glavu ya Dhahabu, ya walinzi bora, aliichukua miaka 12 mfululizo. Mara nne aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, na 1966 akawa mchezaji bora wa ligi hiyo.

KijanaWaShela
Shikamoo mzee. Lakini mfalme wa besiboli si Babe Ruth? Alivusha mpira nje ya ukuta mara 714. Clemente 240 tu.

BahariaWaAmu
Marahaba. Ruth simpunguzii kitu, ila uangalie na uwanja. Forbes Field, alikocheza Clemente hadi 1970, ulikuwa mpana mno. Kushoto katikati ukuta ulikuwa futi 457 kutoka kwa mpigaji. Kuvusha pale ni kazi. Yeye alipiga mipira mikali ya kupenya kati ya walinzi, kisha akakimbia kama aliyefukuzwa. Katika fainali za 1960 na 1971 Pirates walicheza mechi 14, na hakuna hata moja aliyotoka bila pigo, yaani kuupiga mpira na kufika kituo salama. Zote mbili walichukua ubingwa. Ile ya 1971, dhidi ya Baltimore Orioles, yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora. Alipohojiwa kwenye televisheni ya Marekani baada ya ushindi, kwanza aliwaomba wazazi wake radhi, yaani baraka zao, kwa Kihispania. Sisi wa pwani, hili hatuhitaji kuelezwa.

MitumbaMalindi
Shukrani sana mzee. Alistaafu lini?

BahariaWaAmu
Hakuwahi, mwanangu. Septemba 30, 1972 alipata pigo lake la 3,000. Desemba 23 tetemeko likaibomoa Managua, Nicaragua. Akakusanya misaada, na aliposikia kwamba inaporwa kabla ya kuwafikia walioumia, akaamua kuisindikiza mwenyewe. Usiku wa Desemba 31 ndege, iliyopakiwa kupita kiasi, ilianguka baharini punde tu ilipopaa San Juan, Puerto Rico. Mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 38.

Kanuni ilitaka mchezaji asubiri miaka mitano ndipo aingizwe kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli. Kwake waliiweka kando, wakamwingiza 1973, wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini.

KijanaWaShela, tafuta picha za fainali ya 1971 umtazame akitupa. Halafu tuendelee na habari za Ruth.