"SI WANAHAMISHA TU HELA": jamani huyu mtu!

Wakuu, salamu baadaye. Ninayemsema mnamjua, tai pana na sauti ya mtu aliyegundua hesabu. Jana usiku kaulizwa serikali zilipangaje upya bajeti wakati wa korona. Akanywa maji. Akafuta mdomo kwa leso. Akajibu: "Kwani kuna nini hapo? Si wanahamisha tu hela?"

Halafu AKACHEKA. Mimi niliyekesha na majedwali ya kasma, yaani vifungu vya matumizi ndani ya bajeti, mpaka nikawa naota mafungu!

Zihamishwe kutoka wapi? Mwaka 2020 biashara zimefungwa, kodi haikusanyiki, na wakati huohuo hospitali zinataka oksijeni na waliopoteza kazi wanataka kula. Ukishakwangua safari, semina na barabara ambazo mkandarasi hajaanza, kinachobaki ni mishahara na riba za madeni. Kahamishe hizo tuone! Hapo ndipo bajeti ya nyongeza inapokwenda bungeni na nakisi, lile pengo la matumizi kuzidi mapato, inavimba. Wajerumani, wabahili wale, walisimamisha ukomo wa kukopa ulioandikwa ndani ya katiba yao. Marekani ilipitisha zaidi ya dola trilioni 2 kwa sheria moja, Machi 2020. Na huko nako walihamisha tu?

Alivyofuta ule mdomo, wakuu. Polepole. Na leso imekunjwa.

Mzee wa Kasma: Punguza povu, mleta uzi. Naona leso umeikagua kuliko bajeti.

Nakisi Kuu: Angalau angetaja kodi. Julai 2020 Ujerumani inashusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 19 hadi 16 ili watu wanunue, mwezi huohuo Saudi Arabia inaipandisha kutoka 5 hadi 15 kwa sababu mafuta yameporomoka bei. Janga moja hilo.

Mleta uzi: Dada ubarikiwe! Ila kile kicheko ulikisikia?

Mzabuni Mvumilivu: Nyie mnalilia kicheko. Mimi nilipeleka barakoa kwa taasisi fulani, nikaambiwa hela ipo fungu la dharura. Hati ya malipo inazunguka mpaka leo, kila meza inapigwa muhuri mpya.

Pimbi: Pole mzabuni. Eti zile nchi maskini ambazo G20, lile kundi la wenye uchumi mkubwa, ilizisitishia kulipa madeni, zilisamehewa?

Nakisi Kuu: Thubutu! Yalisogezwa mbele tu, na riba juu.

Mzabuni Mvumilivu: Kumbe hata wao wanazungushwa.

Afisa Mstaafu: Hakuna anayetusemea sisi wa semina? Zilifutwa kwa barua ya mistari miwili, na posho nilishaikopea.

Mzee wa Kasma: Umekopea posho ya semina??

Afisa Mstaafu: Kila mtu alikuwa anafanya hivyo mkuu, usijitie mtakatifu.

Pimbi: Zikaja za mtandaoni. Saa sita nzima unatazama paji la uso la mwenyekiti, posho hamna.

Afisa Mstaafu: Na akifunga anasema "ripoti kesho asubuhi". Aliyebuni zile semina ashtakiwe.