Niger wanaishije, hawana bahari na jangwa kila kona?

MtuWaKirumba: Wakuu habari za jioni, hapa Mwaloni tumebishana mpaka chai imepoa, jamaa anasema Niger ni kajimbo tu ka Nigeria. Hebu wanaojua watupe data, ni nchi gani hiyo na wanakula nini na mchanga wote ule?

Binti Igoma: Mwambie jamaa yako aache utani 😂 Niger ni nchi kamili, imepata uhuru toka kwa Ufaransa tarehe 3 Agosti 1960, mji mkuu Niamey, na kwa eneo inaizidi hata Tanzania. Sehemu kubwa ni Sahara, watu wamejazana kusini kwenye angalau mvua kidogo, wanalima mtama na uwele, wanafuga. Kihausa ndo kinatawala.

Dereva wa Malori: Kinachowatesa ni njia ya mzigo, mkuu. Mzigo wao ulikuwa unashukia Cotonou, Benin, halafu lori linakula zaidi ya kilomita 1,000 hadi Niamey. Jeshi lilipompindua Rais Bazoum Julai 2023 mpaka na Benin ukafungwa, ikabidi malori yazungukie Lomé, Togo, na kukatiza Burkina Faso na wanajeshi wanawasindikiza, we fikiria bei ya mchele hapo.

MtuWaKirumba: Duh. Na samaki je?

Binti Igoma: Wanao, mto Niger unapita hapohapo Niamey, na kusini mashariki wanagusa Ziwa Chad ila limenywea sana. Uraniamu ya Arlit, mji wa migodi kule kaskazini, ndo imewapa umaarufu. Mimi nikifika kule natafuta kilishi, nyama inakatwa nyembamba kama karatasi, inaanikwa, inapakwa karanga na pilipili.