Kulala hemani Mlima Hanang usiku mmoja: maji lita ngapi, na hema tuliweke wapi?

Kibegi:
Habari wakuu. Tuko wanne, mwisho wa Julai tunataka kupanda Hanang kwa kuanzia mji wa Katesh ulio chini yake, tulale usiku mmoja mlimani na kushuka kesho yake. Hakuna aliyewahi kulala porini. Tuna mahema mawili ya watu wawili wawili, yale ya bei poa ambayo kifuniko cha mvua kinaishia katikati ya ubavu. Je, maji tubebe lita ngapi? Baridi ikoje? Na jiko la mkaa linafaa? Mwenzetu mmoja anang'ang'ania kupika maharage huko juu.

Mzee wa Buti:
Maharage mwacheni ayale Katesh. Kilele kiko karibu mita 3,420, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 89 hivi. Maharage yatatokota usiku kucha na bado yatakuwa magumu, huku mkimaliza maji na moto. Bebeni tambi, unga wa uji, chapati, karanga na viazi vilivyochemshwa kabisa.

Mkaa hapana. Ule mlima ni hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na mwezi wa saba nyasi za juu zimekauka. Cheche moja na upepo wa kule inatosha. Hatari nyingine ni kwamba baridi ikikaza lazima atatokea mtu wa kuingiza jiko hemani. Moshi wa mkaa uliokolea hauonekani wala haunuki, na unaua mtu akiwa usingizini. Tafuteni jiko dogo la gesi la kufunga juu ya mtungi. Mtungi wa gramu 230 unachemsha kama lita kumi likikingwa upepo. Kingeni upande upepo unakotoka tu. Mkizungushia pande zote, mtungi unapata moto na unaweza kulipuka. Asubuhi gesi huwa inazubaa kwa baridi, kwa hiyo mtungi, ukiwa umefunguliwa kutoka kwenye jiko, ulale karibu na miguu ya mtu.

Maji: msitegemee kukuta kijito njiani. Pigeni hesabu ya nusu lita kwa saa ya kutembea. Kupanda ni saa sita au saba, basi lita tatu na zaidi. Kupika na chai moja na nusu. Kushuka moja na nusu. Jumla ni lita sita na ushei kwa kila mtu. Yawe kwenye chupa za lita moja na nusu, msibebe dumu moja kubwa: dumu likipasuka safari imekwisha. Mkikata ile lita na nusu ya kushukia mkaificha njiani, mzigo unapungua.

Turubai:
Naunga mkono yote ila hilo la kuficha maji. Ukungu ukishuka hamtapatambua mahali penyewe. Afadhali kumlipa mbebaji wa Katesh. Mwongozaji wenu anawajua wabebaji.

Sasa hema. Msilale kwenye mgongo wa mlima, upepo utayalaza mahema yenu chini. Wala msilale kwenye korongo, hata liwe kavu na tambarare kiasi gani. Tope lililoivamia Katesh Desemba 3, 2023 lilitoka mlimani humo humo na kufuata makorongo. Tafuteni bega la mlima lenye vichaka upande wa upepo, na muwe mmefika saa kumi jioni, si jua linapozama.

Ubavu mwembamba wa hema uelekee upepo, mlango uwe upande wa pili. Vigingi pigeni kwa kuvilaza, kichwa kikiinamia mbali na hema. Udongo ukiwa haba, fungeni kamba kwenye kijiti, kilazeni chini na mrundike mawe juu yake. Turubai la chini likunjwe lisichomoze hata kidogo nje ya sakafu ya hema, la sivyo linakinga maji na kuyaleta chini ya migongo yenu. Kwa kifuniko chenu kifupi, bebeni turubai la pili la mita 3 kwa 4, mlitandaze juu kwa kamba likiwa limeachana na kitambaa cha hema kwa kiganja kizima. Likigusana nacho, jasho la pumzi zenu litadondoka usiku na mtadhani hema linavuja. Kwa sababu hiyo hiyo, matundu ya hewa yabaki wazi hata kukiwa na baridi.

Joto hushuka kama nyuzi sita kila mnapopanda mita 1,000. Katesh ikiwa 13 alfajiri, kwenye mita 3,000 tegemeeni tano hivi, bado upepo. Inayotesa zaidi ni ile ya ardhini: blanketi la pili litandikwe chini, juu ya mkeka wa povu. Nguo za kulalia zisivaliwe mchana, na mbadilishe kabla jasho halijapoa.

Kibegi:
Asanteni sana. Je, tulale juu kabisa ili tuone jua likichomoza? Na mmoja amenunua buti jipya.

Mzee wa Buti:
Laleni chini ya mgongo, mwache mizigo, muondoke saa kumi usiku na tochi za kichwani, maji lita moja na koti. Mkifika mgongoni msishangilie, kilele bado kipo mbele. Anayeumwa kichwa anywe maji na apumzike. Akianza kutapika au kuyumba, anashushwa hapo hapo, tena asishuke peke yake.

Buti livaliwe kila siku kuanzia leo, na soksi zile zile za safari. Kucha zikatwe siku mbili kabla. Wakati wa kushuka, kamba zikazwe kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Mahali panapoanza kuwaka moto mguuni pabandikwe plasta papo hapo, kabla ya lengelenge. Likishatoka, plasta haishiki kwenye ngozi yenye majimaji.

Turubai:
Na fimbo. Mbili kila mmoja, za kufika kiwikoni. Magoti yatawashukuru kwenye huo mteremko.