Bao kila usiku: napumzika au naikimbia nyumba?

Bajaji ya Mtu
Wakuu, salamu. Naendesha bajaji Mbagala. Nikishapeleka hesabu kwa tajiri, saa tatu usiku hivi, siendi nyumbani moja kwa moja. Napaki nyuma ya soko, kwenye kijiwe cha wazee wa bao, nacheza mpaka saa tano. Ukiwa na kete zako 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja, na mwenzako anaivizia nyumba yako, lile shimo lako kuu, kichwani hakuna foleni ya Rangi Tatu wala trafiki. Mashimo 32 tu, basi. Juzi mke wangu akanipa: "Ungekuwa unailinda nyumba hii kama unavyoilinda ile ya ubaoni, tungekuwa mbali." Iliniingia. Mpwa wangu wa chuo anasema hiyo ndiyo eskapizimu, yaani kuyakimbia maisha. Sinywi, sibeti. Kweli nakimbia?

Kete Kavu
Mpwa wako kakuonea. Mwalimu Nyerere alicheza bao na alikuwa na nchi nzima kichwani, wewe una bajaji moja, tena ya mtu. Hata jembe huwekwa chini. Wasomi wakikosa la kufanya hukipa kila kitu jina.

Mama Vitenge
Shemeji, mimi kila jioni naangalia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, na mtu asinisemeshe. Kwenye majumba yale ya Istanbul siungui mikono kwa sufuria. Ikiisha nanyanyuka, nasugua vyombo, maisha yanaendelea. Sasa sikia. Mwaka biashara yangu ilipokufa, nilikuwa naangalia marudio hadi saa nane usiku, vipande ambavyo naweza kukusimulia nimefumba macho. Simu ya mweka hazina wa kikoba ikiita, naifunika na mto. Inatetemeka huko chini, naongeza sauti ya televisheni. Tamthilia zilezile, kochi lilelile, ila siku zile nilikuwa nakimbia. Kwa hiyo bao siliulizi. Nakuuliza wewe, kuna simu gani umeifunika na mto?

Bajaji ya Mtu
Dada, umenishika pabaya. Tajiri anaiuza bajaji mwisho wa mwezi. Wiki ya tatu hii, nyumbani sijasema. Jana natakata, yaani nasambaza kete bila kula, huku nawaza hilo, kete ya mwisho ikadondokea shimo tupu, nikalala, zamu ikaisha. Mzee mmoja akasema, "Kijana leo hayupo hapa." Maana yake hata kule kwenye bao limeshanifuata.

Kete Kavu
Aisee, pole mkuu. Hilo hukulisema mwanzo. Nafuta kauli ya jembe.

Bajaji ya Mtu
Mrejesho. Leo nimefika saa tatu na nusu. Mke wangu kafungua mlango, hata salamu hakuna: "Bajaji imeibiwa?" Nikamwambia, kaa kwanza.