Naomba ushauri: riwaya imekamilika, naipelekaje kwa wachapishaji?

Wakuu habari, niko huku Mtwara, Mikindani, nimemaliza riwaya yangu, inahusu mama anayezungushwa hela za korosho na chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huku kijana wake kavuka Ruvuma kwenda Msumbiji, nimeshaichapa yote kwenye kompyuta. Sasa mchapishaji mmoja kanijibu fasta eti nichangie gharama kwanza ndo aisome, yani hata sura ya kwanza hajaiona! Wengine kimya tu. Nawaza nianzie COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kusajili haki zangu au niitupie kwenye ile Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, si wanapokea riwaya? Mliowahi kutoa kitabu, mlituma mswada mzima au muhtasari na sura chache? Na asilimia ya mwandishi kwenye mauzo mlikubalianaje?