Ameigonga jibini yangu mbele ya baba mkwe, na nyote mnamfahamu

Ndugu zangu wa Lubumbashi, wageni wametoka hapa nyumbani sasa hivi na hasira haijanishuka. Mtu anawezaje kupokea jibini ya Masisi, bonge zima la mviringo, halafu akaigonga kwa kidole mbele ya baba mkwe wangu na kuuliza kama ni sabuni? Jina silitaji kwa kuwa hakuna haja. Ni yule anayefika katika kila nyumba ya msafiri kabla masanduku hayajashushwa. Hata ndege ikitua Luano usiku wa manane, yeye atakuwa amekwisha kusimama pale na mfuko wake mtupu.

Anadhani zawadi za Kivu huokotwa njiani. Kahawa niliinunua Bukavu, arabika ya kisiwa cha Idjwi, tena nikaomba punje nzima ili harufu isipotee safarini. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, nilichagua zile zilizokauka mpaka zinavunjika mkononi, kwa maana zenye unyevu hunukisha nguo zote sandukuni. Lakini jibini ndiyo iliyonila asubuhi nzima kule Goma: nilibonyeza kila bonge kwa kidole gumba, nikakataa yenye ganda lililopasuka, nikakataa yaliyolainika upande mmoja, mpaka mama muuzaji akanikatia kipande nionje ili nimpumzishe. Ikiwa nzima, jibini ile hustahimili siku kadhaa bila friji, na ndiyo sababu inamfaa msafiri. Watu wa milima ya Masisi wamepita katika vita vya miaka mingi na bado wanakamua ng'ombe na kugandisha maziwa. Naye akaigonga!

Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka Likasi: «Umevuka nchi nzima kutuletea sabuni? Kule hakuna hata shati?» Aliigonga mara mbili, ndugu zangu, na baba mkwe akitazama. Kisha akaondoka na pakiti mbili za kahawa.

MAMA WA RUASHI: Pole sana, yaya, kaka yangu. Mtu huyo huyo nilimpa asali ya msituni, akaniuliza mkate uko wapi. Nilipomwambia kwamba mkate haukuwamo safarini, aliketi akausubiri.

MWANA KATUBA: Baba, kosa ni lako. Umempa jibini mtu aliyekula bukari (ugali) na ndakala (dagaa) tangu kuzaliwa, ukatarajia apige vigelegele? Na hizo sambaza zako ni samaki wa Tanganyika waliopelekwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndugu zao wanatufikia hapa sokoni kutoka Kalemie. Umelipia mizigo ya ndege kwa samaki ambao ungewapata hapa hapa mjini, katika mtaa wetu wa Kenya, kwa miguu.

MWENYE UZI: Sikufungua uzi huu kwa ajili ya samaki. Ameigonga jibini.

BINTI KAMALONDO: Afadhali wewe uliyegongewa. Mimi niliwapelekea wakwe zangu wa Bukavu mkufu wa malakiti, nikitaka waone jiwe linalotoka katika shaba yetu, na mama mkwe akaniuliza mbele ya mawifi zangu kwa nini nimempelekea changarawe. Mpaka leo mkufu huo umezuia mlango wa jikoni usifungwe na upepo.

FUNDI: Dada, huenda mama huyo alikuwa na haki. Malakiti halisi ni nzito na baridi mkononi, na mistari yake ya kijani hailingani kwa upana. Mimi niliuziwa tembo wa malakiti ambaye nilipomfuta kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kiligeuka kijani na tembo akabaki mweupe.

BINTI KAMALONDO: Mkufu wangu ni halisi, nilichagua mwenyewe. Wewe umekosa macho, usitutukanie mawe.

MAMA WA RUASHI: Mawe ya nini? Pelekeni kikanda, watu wale.

MWANA KATUBA: Mama, kikanda nilikipeleka Goma, kikafika kimechacha. Niliwaeleza wenyeji kwamba ni mizizi ya msituni iliyosongwa pamoja na karanga, wakaniambia kwamba ningewapelekea karanga peke yake. Tangu siku hiyo ninapeleka msalaba mdogo wa shaba. Hauozi, haunuki, na babu zetu waliutumia kama fedha.

FUNDI: Msalaba wa shaba uliununua kwa nani? Isiwe ni kwa yule mwenye kofia nyekundu, mnamfahamu. Wangu ulikuwa bati lililopakwa rangi, nami nilikuwa nimekwisha kumkabidhi paroko kama zawadi ya sikukuu.

BINTI KAMALONDO: Yule yule! Mfungulie uzi wake, nami nitaleta picha.